Tatizo la Kuzisoma Hifadhidata za Zamani za Msamiati

Msomi akifungua leo kisanduku cha kadi za msamiati zilizoandikwa kwa mkono mwaka 1965, atazisoma zote bila ya kuhitaji chombo chochote ila macho yake. Huenda wino umefifia, huenda mchwa wamekula pembe, lakini kidahizo kitaonekana kuwa ni kidahizo na maana kuwa ni maana. Akishika disketi ya mwaka 1989 yenye msamiati huo huo, pengine ulionakiliwa kutoka katika kadi hizo hizo, hali huwa nyingine kabisa. Kwanza hana mashine ya kuipokea disketi. Akiipata mashine, programu iliyoiandika faili haipo tena. Na akipata programu mpya inayodai kwamba yaweza kuifungua, hapo ndipo yanapoanza matatizo tunayokusudia kuyajadili.

Aghalabu swali linaloulizwa ni moja tu: je, faili inafunguka au haifunguki? Makala haya yanashikilia kwamba hilo si swali la msingi. Faili inayokataa kufunguka humwachia mtafiti mali yake ikiwa salama, maana hakuna kilichoguswa. Iko siku atapatikana fundi wa kuifungua. Ya kuogopwa ni ile inayofunguka bila ya kulalamika, ikaonyesha safu na mistari iliyonyooka, ilhali herufi zake zimekwisha kugeuka, mifano ya matumizi imeachwa nyuma, na ngeli za nomino zimekuwa tarehe. Mtafiti akiihifadhi faili ya namna hiyo katika umbo jipya na kuitupa ile ya kwanza, hasara imekamilika, wala hataitambua mpaka siku atakapolitafuta neno asilione. Na kwa kuwa wengi wa wazee waliotoa maneno hayo wamekwisha kufariki, hakuna pa kurudi kuuliza.

Tuchukue dBASE kuwa mfano wetu mkuu. Programu hii ilitokana na kazi ya Wayne Ratliff wa California, ikauzwa na kampuni ya Ashton-Tate kwa jina la dBASE II mwanzoni mwa miaka ya 1980. Toleo la dBASE III lilitoka mwaka 1984 na dBASE IV mwaka 1988. Kampuni yenyewe ilinunuliwa na Borland mwaka 1991. Programu ya FoxPro, iliyotumia umbo hilo hilo la faili, ilichukuliwa na Microsoft mwaka 1992, na msaada wa toleo lake la mwisho ulikoma Januari 2015. Maumbo mengine mengi ya faili yalitoweka pamoja na wenyewe, lakini hili lilinusurika, kwa sababu siri yake ilijulikana mapema na programu nyingi ziliiga. Ndiyo sababu faili yenye tamati ya DBF ni afadhali kuliko nyingi nyingine ambazo mtafiti anaweza kuzikuta kabatini.

Inafaa kulieleza umbo hilo, kwa kuwa anayelifahamu hatadanganywa kwa wepesi na programu yoyote. Faili yoyote ya kompyuta ni mfuatano wa baiti, na kila baiti ni namba kati ya 0 na 255. Katika dBASE III, baiti ya kwanza kabisa hutaja toleo: ni 3 ikiwa faili haina maelezo marefu ya pembeni, na ni 131 ikiwa inayo. Baiti 3 zinazofuata ni mwaka, mwezi na siku ya mabadiliko ya mwisho. Kisha huja baiti 4 za idadi ya rekodi, 2 za urefu wa utangulizi, na 2 za urefu wa rekodi moja. Baada ya baiti 32 za mwanzo hufuata maelezo ya kila uga, nayo huchukua baiti 32 kwa kila mmoja: jina lisilozidi herufi 10, herufi moja ya kutaja aina (C kwa maandishi, N kwa namba, D kwa tarehe, L kwa ndiyo au la, M kwa maelezo marefu), na upana wa uga. Kisha rekodi zimepangwa moja baada ya nyingine bila ya kitenganishi chochote, kila uga ukiwa na upana ule ule tangu mwanzo hadi mwisho.

Faida ya maarifa haya ni kwamba hesabu ndogo hutosha kujua kama faili ni nzima. Tuseme utangulizi watuambia kwamba una urefu wa baiti 225, kwamba rekodi moja ni baiti 211, na kwamba rekodi ni 4,000. Hapo faili haina budi kuwa na baiti 844,225, au moja zaidi kwa ajili ya alama ya mwisho. Ikiwa faili iliyo mkononi ina baiti 700,000, basi ilikatika wakati wa kunakiliwa, na programu mpya yaweza kuifungua vizuri sana na kuonyesha vidahizo vya A hadi S, kana kwamba lugha hiyo haina neno linaloanza na T.

Faili za dBASE II zina namba 2 katika baiti ya kwanza na utangulizi wa namna nyingine, wenye nyuga zisizozidi 32. Programu nyingi za leo zinapodai kufungua dBASE hukusudia toleo la tatu na yaliyofuata, kwa hiyo ni vema kuitazama baiti hiyo ya kwanza kabla ya kuilaumu disketi.

Sasa tuje kwenye maelezo marefu. Mtunzi wa kamusi hawezi kuitosheleza sentensi ya mfano kwa uga wa herufi 254, ambao ndio upana wa juu kabisa wa maandishi katika dBASE III. Kwa hiyo wengi waliiweka mifano, methali na maelezo ya utamaduni katika uga wa aina ya M. Lakini maandishi ya uga huo hayakai ndani ya faili yenyewe. Yanakaa katika faili ya pili, yenye jina lile lile na tamati ya DBT, na ndani ya DBF hubaki namba tu ya kuonyesha mahali yalipo. Anayenakili DBF peke yake amebeba mifupa akaacha nyama. Akiifungua, programu moja itakataa, nyingine itaonyesha uga mtupu, na mtafiti asiyejua ataandika katika ripoti yake kwamba mkusanyaji hakutoa mifano. Nadhani hukumu za namna hiyo dhidi ya wakusanyaji wa zamani hazikosekani.

Jambo jingine linalohusu rekodi lastahili kutajwa hapa. Katika dBASE, kufuta rekodi si kuiondoa. Kila rekodi hutanguliwa na baiti moja: nafasi tupu ikiwa rekodi ni hai, nyota ikiwa imefutwa. Rekodi yenye nyota hubaki mahali pake mpaka mtumiaji atoe amri maalumu ya kuifunga faili upya. Kwa hiyo faili ya kamusi huenda ikawa na mamia ya vitomeo ambavyo mhariri aliviona kuwa havifai, au ni vya lahaja nyingine, au ni vya lugha ya matusi. Baadhi ya programu mpya huvificha kabisa, nyingine huvionyesha sawa na vilivyo hai. Msimamo wangu ni kwamba vihifadhiwe vyote, kila kimoja kikitiwa alama iliyo wazi ya kwamba kilifutwa, kwa sababu neno lililokataliwa na mhariri ni ushahidi pia.

Hadi hapa tumezungumza juu ya mifupa ya faili. Tatizo kubwa zaidi kwa wanaisimu liko katika herufi zenyewe. Msimbo wa ASCII ulikuwa na nafasi 128 tu, na herufi zake zilitosha kwa Kiingereza. Nafasi 128 za juu zilipoongezwa, kila mtengenezaji alizijaza alivyopenda. Chukua herufi î, yenye kialama cha kofia. Katika kompyuta za IBM zilizotumia jedwali la 437 ilikuwa ni namba 140. Katika Macintosh ilikuwa 148. Katika Windows za nchi za Magharibi ilikuwa 238. Faili ya dBASE III huhifadhi namba tu, wala haisemi ni ya jedwali gani. Matoleo ya baadaye yalitenga baiti moja katika utangulizi kwa kazi hiyo, lakini mara nyingi imeachwa kuwa 0.

Lugha za Kikuyu, Kikamba na Kimeru zina irabu saba, na mbili kati ya hizo huandikwa ĩ na ũ, zenye kialama cha wimbi. Herufi hizi mbili hazikuwamo katika jedwali la 437, wala katika lile la Windows. Mkusanyaji wa miaka ile alikuwa na njia tatu. Aliweza kukiacha kialama kabisa. Aliweza kuazima î na û za Kifaransa badala yake. Au aliweza kupata fonti iliyochongwa upya, ambamo alama fulani isiyohitajika imechorwa kwa sura ya ĩ, ili iandikike na kupigwa chapa vizuri, ingawa kwa kompyuta bado ni ile alama ya kwanza.

Kila njia yataka tiba yake. Aliyekiacha kialama amepoteza tofauti ambayo hakuna programu itakayoirudisha: gũkira ni kunyamaza, na gũkĩra ni kuzidi, lakini katika faili yake maneno hayo mawili ni neno moja lenye maana mbili, na mtafiti mgeni atadhani ni kisa cha polisemia. Hapo hapana budi mjuzi wa lugha apitie kila kitomeo kwa jicho lake. Aliyeazima î na û hajapoteza kitu, ilimradi ijulikane jedwali alilotumia. Akiwa aliandika kwa jedwali la 437 na programu mpya ikaisoma faili kwa jedwali la Windows, gûkîra itatokea kuwa g–kŒra. Ikisomwa kwa jedwali la Macintosh, itakuwa gñkåra. Sura hizo zinachukiza, lakini si uharibifu. Zinatimiza kazi ya alama za vidole, kwani kwa kuziona tu twajua ni jedwali lipi lililotumika kuandika na ni lipi linalotumika kusoma. Uharibifu huja pale mtu anapoanza kusahihisha kwa mkono, au programu inapobadilisha kila alama isiyoitambua kuwa kiulizo. Viulizo vikihifadhiwa, ĩ na ũ zimekuwa kitu kimoja milele.

Njia ya tatu, ile ya fonti, ndiyo yenye hila. Faili huonekana sahihi kabisa maadamu fonti ile ya zamani ipo. Ikihamishiwa katika kompyuta nyingine, mũndũ na mbũri hugeuka kuwa michanganyiko ya alama za fedha na nusu na robo. Wengi husema faili imeharibika. Haijaharibika, imevuliwa nguo tu. Tiba ni kutafuta jedwali la ile fonti, na lisipopatikana, kulijenga upya kwa hesabu. Hesabu yenyewe si ngumu: huhesabiwa kila baiti iliyo juu ya 127 imetokea mara ngapi katika faili nzima. Katika maandishi ya Kikuyu ĩ na ũ hutokea mno kuliko alama nyingine yoyote ya pekee, kwa hiyo baiti mbili zinazoongoza kwa mbali ndizo zinazotafutwa, na maneno kumi yanayojulikana yatatosha kuonyesha ni ipi na ni ipi. Kwa Kimaasai, ambacho katika maandishi ya kitaalamu huhitaji ɛ, ɔ, ɨ na ʉ pamoja na alama za toni, kazi ni ndefu zaidi lakini kanuni haibadiliki.

Unicode, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, ilizipa herufi hizi namba zake zenyewe, na leo hakuna sababu ya kuhifadhi maandishi mapya kwa njia nyingine. Hata hivyo nayo ina mitego miwili. Wa kwanza ni kwamba ĩ yaweza kuandikwa kama herufi moja, au kama i ikifuatwa na kialama cha wimbi peke yake. Kwa jicho hakuna tofauti, lakini programu nyingi zikitafuta umbo moja hazioni la pili. Idara haina budi kuchagua umbo moja na kuligeuza jingine lote kulifuata. Mtego wa pili ni kusoma maandishi ya Unicode kwa jedwali la Windows: mũndũ hutokea kuwa mÅ©ndÅ©. Anayeona Å© mahali pa ũ asiguse kitu. Afunge faili bila ya kuihifadhi, kisha aifungue tena akitaja msimbo sahihi.

Wenzetu wa Kiswahili watasema kwamba lugha yetu haina vialama, basi hayo hayatuhusu. Lakini tunayo ng'. Kiritiri chake katika faili za zamani ni alama iliyonyooka, namba 39. Programu za kuandikia zilizofuata zilianza kuipinda zenyewe bila ya kuombwa, nayo katika Windows ikawa namba 146. Ikisomwa kwa jedwali la 437, ng'ombe huwa ngÆombe. Na hata pasipo kosa hilo, hifadhidata iliyochanganya viritiri vya aina mbili ina ng'oa mbili zisizojuana, na moja yaweza kupangwa mbali na mwenzake. Wako waliojaribu kuondoa tatizo kwa kuvifuta viritiri vyote. Hao wameifanya ng'oa, yaani kutoa kitu kwenye mizizi, kuwa sawa na ngoa, ambayo ni wivu na tamaa.

Lipo pia balaa la majedwali ya hesabu, ambayo siku hizi ndiyo watu wengi hukimbilia wanapotaka kutazama faili ya zamani. Hifadhidata nyingi za Kibantu zina uga wa ngeli, na tangu zamani tumezoea kuandika jozi: 1/2, 7/8, 9/10. Faili hiyo ikigeuzwa kuwa maandishi yenye kutenganishwa kwa mkato, kisha ikafunguliwa moja kwa moja katika Excel, 9/10 husomwa kuwa ni tarehe 9 Oktoba na 7/8 kuwa 7 Agosti. Ikihifadhiwa, kilichobaki ni tarehe, pamoja na mwaka ambao mkusanyaji hakuuandika. Dawa ni kuiingiza faili kwa amri ya kuleta data, na kutaja kwamba uga huo ni maandishi, kabla ya kuona hata mstari mmoja.

Programu nyingine nitazipitia kwa haraka. Faili za FileMaker husafiri kwa hatua: zile zenye tamati ya fp3 na fp5 hugeuzwa kuwa fp7 kwa toleo lolote kati ya la 7 na la 11, kisha fp7 hugeuzwa kuwa fmp12 kwa toleo la 12 au la baadaye. Hakuna njia ya kuruka daraja, na asiyehifadhi toleo la kati hubaki ng'ambo ya mto. Kwa Access, faili za toleo la 97 zilikataliwa kuanzia toleo la 2013, kwa hiyo hupitishwa kwanza katika toleo la 2010 au la kabla yake. Itakumbukwa kwamba tangu toleo la 2000 Access hutumia Unicode, hivyo maandishi ya fonti zilizochongwa hugeuzwa humo kwa jedwali la kompyuta inayofanya kazi hiyo, liwe sahihi au lisiwe.

Kinyume chake ni Shoebox, programu iliyotolewa na SIL kwa ajili ya watunzi wa kamusi. Faili zake ni maandishi matupu, kila mstari ukianza na mkwaju wa nyuma na kialama kifupi: lx kwa kidahizo, ps kwa aina ya neno, ge kwa maana ya Kiingereza. Toolbox iliyoifuata huzisoma, FieldWorks huzipokea, na hata programu ya kawaida ya kuandikia hutosha. Hapa tatizo si kufungua bali ni kufasiri, kwa maana wakusanyaji walibuni vialama vyao wenyewe. Kialama cha nt, kwa mfano, kwa mmoja ni maelezo ya jumla na kwa mwingine ni toni ya nomino. Msimbo wa herufi nao umetajwa katika faili nyingine ya mipangilio, ambayo wengi hawakuinakili. Steven Bird na Gary Simons walizungumzia matatizo ya jinsi hii kwa mapana katika jarida la Language mwaka 2003, na waliotangulia kusoma makala yao watatambua kwamba mengi waliyoonya yametukuta.

Utaratibu ninaoupendekeza ni huu. Disketi izuiwe isiandikike, kisha zinakiliwe faili zote zilizomo, hata zile zisizojulikana kazi yake, na nakala hiyo isiguswe kamwe. Kazi zote zifanywe katika nakala ya pili. Pale inapowezekana, programu ya zamani yenyewe iendeshwe ndani ya DOSBox, ambayo ilitungwa kwa ajili ya michezo ya kompyuta lakini huiamsha dBASE vizuri katika mashine za leo zisizoweza tena kuiendesha moja kwa moja. Humo mtafiti ataona jinsi mkusanyaji alivyoiona kazi yake, na zipigwe picha kurasa chache za kulinganishia. Ndipo data itolewe kuwa maandishi matupu ya Unicode, na idadi ya rekodi, hai na zilizofutwa, ilinganishwe na ile iliyotajwa katika utangulizi wa faili. Vitomeo hamsini vilivyotawanyika, visiwe vya mwanzo tu, visomwe na mzawa wa lugha kimoja kimoja.

Pamoja na maandishi hayo iwekwe karatasi moja ya maelezo: kila uga maana yake nini, vifupisho vyake ni vipi, herufi zilibadilishwa kutoka jedwali gani, na nani alikuwa msemaji. Majina ya nyuga yenye herufi 10 hayajielezi. NGWINGI yaweza kuwa ngeli ya wingi au kiambishi cha wingi, na TAFSIRI2 haisemi ni kwa lugha gani. Karatasi hii haiwezi kuandikwa na fundi wa kompyuta. Yataka kuandikwa na mkusanyaji mwenyewe au msaidizi wake, na baadhi yao wamekwisha kustaafu na wanakaa vijijini mwao, ambako wanaweza kutembelewa na disketi zao zikiwa mkononi.